Canter ya zamani: starta inazungusha kwa nguvu, moshi hautoki, injini haiwaki

Mwanzisha uzi (Makambako)

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninaomba msaada wa wanaozijua injini za dizeli za zamani, zile zisizo na kompyuta, kwa sababu kila fundi niliyemwita hapa amenipa jibu lake na hakuna hata mmoja aliyenieleza amelifikiaje.

Gari ni Mitsubishi Canter ya miaka ya tisini, injini 4D32 ya silinda nne, betri mbili zinazotoa volti 24, na pampu ya dizeli ni ile ya chuma yenye mirija minne iliyopangwa kwa mstari. Ninabeba viazi kutoka vijiji vya Uwemba kuja Makambako, na mara chache ninafika Iringa. Kwa muda wa wiki tatu hivi gari lilikuwa linachelewa kuwaka asubuhi: nilikuwa napiga starta mara tatu au nne, linawaka, linatetemeka kama dakika moja, wakati mwingine linazima, kisha likishashika linafanya kazi siku nzima bila shida. Nilidhani ni baridi. Jumatatu nilibadilisha filta ya dizeli, Jumanne likawaka, na Jumatano alfajiri nikiwa Uwemba likagoma kabisa. Starta inazungusha kwa nguvu, taa hazififii, geji inaonyesha mafuta kidogo chini ya nusu tangi. Ilibidi livutwe hadi Makambako.

Gereji ya kwanza imesema pampu imekufa, ishushwe ipelekwe Mbeya, na gharama ya kuanzia ni shilingi laki nne kabla ya vipuri. Ya pili imesema mgandamizo umeisha, injini ifunguliwe. Sina uwezo wa kufanya yote mawili, na sipendi kufanya lolote kati ya hayo kwa kukisia.

Fundi wa Mafinga

Ndugu yangu, pole, na umefanya vema kusimama kabla ya kufungua pampu. Mimi hutengeneza magari ya kubeba mbao hapa Mafinga, na katika magari yanayoletwa kwangu kwa hukumu ya "pampu imekufa", mengi pampu yake ni nzima.

Injini ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa, inaikandamiza hadi inakuwa na joto kali, kisha nozeli inanyunyiza mafuta ndani ya joto hilo nayo yanawaka yenyewe. Kwa hiyo inahitaji kuzungushwa kwa kasi ya kutosha, hewa iliyokandamizwa vizuri, na mafuta yanayofika kwa wakati wake. Injini inayozungushwa vizuri na isiwake imekosa kimojawapo kati ya hivyo viwili vya mwisho, na njia ya kujua ni kipi haigharimu hata shilingi: mtu mmoja apige starta, mwingine asimame nyuma aangalie bomba la moshi.

Ukiona moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yanafika kwenye silinda lakini hayaungui. Hapo ndipo unapofikiria baridi, mgandamizo, nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, au taimingi (wakati wa kunyunyiza mafuta) iliyosogea. Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki, na kufungua injini kutafuta mgandamizo ni kupoteza fedha. Kichwa cha uzi wako kinasema moshi hautoki. Nieleze kwa uhakika: hautoki kabisa, au unatoka kidogo?

Nijibu na mambo mengine mawili. Kwanza, pima betri wakati starta inazungusha. Mfumo wa volti 24 usishuke chini ya 19 hivi, kwa sababu sikio hudanganya na injini inaweza kusikika inazunguka vizuri kumbe kasi haitoshi kuleta joto. Pili, ubavuni mwa pampu kuna mkono mdogo wa kuzimia injini. Mtu awashe na kuzima swichi huku wewe ukiutazama. Mkono huo ukinasa upande wa kuzima, utapiga starta hadi betri zife na hakuna tone litakalokwenda kwenye nozeli.

Dereva wa Tukuyu

Habari zenu. Mimi naendesha Fuso kati ya Tukuyu na Mbeya, na kwa uzoefu wangu gari likigoma asubuhi ya baridi linavutwa na jingine, linaingizwa gia ya pili, linaachiwa klachi, linawaka. Ikishindikana hapo, kuna ile sprei ya kuwashia inayopulizwa kwenye njia ya hewa. Nimeitumia mara nyingi. Kama una mteremko karibu, huhitaji hata gari la kuvuta.

Fundi wa Mafinga

Dereva, ninakuheshimu kwa uzoefu wako wa barabara ile yenye kona nyingi, lakini kwa gari hili ninakataa yote matatu, na ninataka kueleza sababu ili mtu mwingine asome.

Kulivuta gari ambalo mafuta hayafiki kwenye silinda ni kuizungusha injini kavu kwa kilomita nzima, wakati kasi ya kuzunguka si tatizo lake. Kama kuna maji yaliyoingia kwenye silinda kutokana na gasketi iliyopasuka, nguvu ya kuvutwa hupinda fimbo ya pistoni, na hapo tatizo la mafuta linakuwa tatizo la injini. Mteremko ni mbaya zaidi. Breki za Canter husaidiwa na nguvu ya kunyonya (ombwe) inayotengenezwa na pampu iliyo nyuma ya jenereta. Injini isipozunguka, msaada huo unaisha baada ya kukanyaga mara mbili au tatu, na kama gari lina usukani wa pawa, nao unakuwa mzito. Milima yetu tunaijua. Mtu asijaribu jambo hilo Kitonga wala kwenye mteremko wowote wenye watu chini.

Sprei ile huwaka mapema kuliko dizeli, kabla pistoni haijafika juu, na mshindo wake huvunja ringi za pistoni na hata pistoni yenyewe. Kwenye injini yenye plagi za kupasha moto au hita kwenye njia ya hewa, inaweza kulipuka ikiwa bado mkononi mwako. Injini ikizoea kuwashwa hivyo, siku moja haitawaka bila hivyo, kwa sababu ringi zitakuwa zimeshaharibika.

Mwanzisha uzi (Makambako)

Fundi, asante sana. Nimefanya ulivyoniambia, na ninaandika kwa utaratibu.

Moshi hautoki kabisa. Kijana wangu alisimama nyuma mara tatu, kila mara nikipiga starta kwa sekunde kumi na kupumzisha dakika mbili. Betri zilikuwa volti 25.1 kabla ya kupiga na 20.4 wakati wa kuzungusha. Mkono wa kuzimia unarudi wote, nao hauna ugumu.

Kisha nikalegeza skrubu ya kutolea upepo (hewa iliyonaswa kwenye njia ya mafuta) iliyo juu ya filta na kupiga pampu ya mkono. Yalitoka mapovu. Nilipiga mara hamsini, mapovu yakapungua lakini hayakuisha, na pampu ya mkono haikuwahi kuwa ngumu kama inavyopaswa. Nikalegeza nati ya mrija kwenye nozeli ya kwanza na ya tatu, kijana akapiga starta, nikiwa nimesimama mbali: palilowa tu, hapakuruka kitu.

Swali langu ni hili: kama nilibadilisha filta Jumatatu na upepo ukaingia siku hiyo, iliwezekanaje gari liwake Jumanne nzima ndipo ligome Jumatano?

Mama wa Njombe

Habari za usiku, na samahani kwa kuingilia. Mimi nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, nami ninapata shida ya asubuhi, hasa mwezi Juni hadi Agosti. Langu linatoa moshi mweupe mwingi wakati wa kuzungusha, kisha linawaka na kutikisika, na baada ya dakika mbili linatulia. Nimesoma maelezo ya fundi nikaona dalili zetu zinatofautiana. Je, na mimi nifuatilie upepo kwenye mafuta?

Fundi wa Mafinga

Shikamoo mama. Hapana, wewe una ugonjwa mwingine, na moshi wako ndio unaoutenganisha na wa ndugu yetu. Mafuta yako yanafika. Joto ndilo halitoshi. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takribani robo tatu hadi nne ya tano ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo injini inaanza na hewa haba na ya baridi, na kila udhaifu mdogo unaonekana asubuhi. Injini ya 1HZ ina plagi za kupasha moto, moja kwa kila silinda, jumla sita. Mwambie fundi azifungue waya na kupima moja moja kwa mita: nzima husoma ukinzani mdogo sana, iliyokatika haisomi chochote. Mbili au tatu zikiwa zimekufa, utaona hasa hicho unachokieleza. Apime pia kama umeme unafika kwenye plagi swichi inapowashwa, kwa sababu rilei, ile swichi ya umeme inayozilisha, nayo hufa. Na kama hujui ukanda wa taimingi wa injini hiyo ulibadilishwa lini, ubadilishe. Wengi wetu hatuuachi upite kilomita 100,000.

Sasa nirudi kwa ndugu wa Makambako. Swali lako la Jumanne na Jumatano ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Upepo ulioingia wakati wa kubadilisha filta hutolewa mara moja na kazi inaisha. Upepo unaorudi baada ya kutolewa una mlango wake, na mlango huo upo kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvutia, sehemu ambayo mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Kule hutaona tone linadondoka, kwa kuwa tundu dogo la upande wa kunyonya huingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Ndiyo maana mtu anakagua gari lote, anaona pakavu, kisha anasingizia pampu.

Chukua dumu safi la lita tano, lijaze dizeli safi, liweke juu kuliko injini. Fungua mpira unaotoka kwenye tangi pale unapoingia kwenye pampu ndogo, na badala yake unganisha mpira safi unaotoka kwenye dumu, ikiwezekana wa kuonea ndani. Kwenye ungio hilo, kwa magari mengi ya aina hii, utakuta kichujio kidogo cha waya. Kitoe ukisafishe, kwa sababu hakuna anayekikumbuka. Toa upepo upya kwenye filta, kisha kwenye pampu kubwa, kisha kwenye nati za nozeli. Piga starta. Likiwaka, pampu yako kubwa ni nzima, mgandamizo ni mzima, nozeli ni nzima, na ugonjwa upo nyuma ya mpira ule uliofungua. Lisipowaka na bado kuna mapovu, tuitazame pampu ndogo yenyewe na valvu zake.

Usiweke kidole wala uso karibu na nati ya nozeli iliyolegezwa wakati injini inazungushwa. Mafuta ya pale yanaweza kutoka kwa msukumo unaopenya ngozi, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana kama tundu la sindano, ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wa Iringa

Vijana, habari. Nimeendesha malori tangu barabara ya Tanzam ingali mpya, na ninafuatilia mazungumzo haya kwa sababu yanaendeshwa kwa akili. Nina maswali mawili tu kwa mwenye gari. Siku linapochelewa kuwaka, tangi huwa lina mafuta kiasi gani? Na Uwemba ulilala umeegesha pua ikitazama wapi?

Mwanzisha uzi (Makambako)

Shikamoo mzee. Nilisoma maswali yako nikiwa na spana mkononi, na nikaketi chini.

Mimi hujaza tangi nikishauza mzigo, kwa hiyo mwanzo wa wiki huwa limejaa na katikati ya wiki linakuwa nusu au chini yake. Nimerudi nyuma kwa kumbukumbu: siku zote gari lilipochelewa kuwaka zilikuwa katikati ya wiki. Jumatatu na Jumanne sikuwahi kupata shida. Na Uwemba niliegesha kwenye kilima, pua ikitazama juu, kwa sababu ndivyo uwanja wa kupakilia ulivyo.

Jaribio la dumu limefanyika leo saa nne. Kichujio kidogo kilikuwa na uchafu wa kahawia kama kutu iliyosagwa, nikakisafisha. Pampu ya mkono ilikuwa ngumu baada ya kupigwa mara kumi na tano. Gari limewaka kwa starta ya pili, likatoa moshi kidogo, likatulia, na limenguruma dakika arobaini nikiwa nimesimama karibu nalo bila kutaka kulizima. Niliporudisha mpira wa tangi, mapovu yalionekana kwenye mpira wa kuonea ndani na baada ya dakika tatu injini ikazima.

Mzee, una maana tangi lenyewe?

Mzee wa Iringa

Marahaba. Nina maana bomba lililomo ndani ya tangi. Mafuta hunyonywa kwa bomba la chuma linaloshuka kutoka juu hadi karibu na sakafu ya tangi. Mtu anayeishi kwenye baridi na kulaza gari likiwa na tangi nusu, hewa iliyo juu ya mafuta hupoa usiku na kuacha matone ya maji kwenye chuma, na miaka ikipita bomba hilo huliwa na kutu sehemu ya juu, ambayo hailindwi na mafuta. Likitoboka, tangi likijaa tundu liko chini ya mafuta na hakuna madhara yoyote. Mafuta yakishuka, tundu linakuwa hewani na pampu inanyonya hewa. Pua ikitazama mlimani mafuta hukimbilia nyuma ya tangi, na kama bomba lipo upande wa mbele, tundu linafunuliwa mapema zaidi. Lilinipata mwaka mmoja nikiwa Chimala, nikabadilisha mipira yote na filta mbili kabla ya kufikiria kuangalia ndani.

Fundi wa Mafinga

Shikamoo mzee, na ninakushukuru. Mimi ningelimaliza mipira yote ndipo nifike hapo.

Ndugu wa Makambako, bomba hilo hutoka juu ya tangi kwa kufungua skrubu chache za kifuniko chake. Safisha vumbi lote la juu kabla ya kufungua, kwa sababu litakaloanguka ndani utalikuta kwenye kichujio. Ukishalitoa, ziba ncha moja kwa kidole, lizamishe kwenye ndoo ya dizeli, na upulize ncha nyingine kwa pampu ya baiskeli. Tundu litajionyesha lenyewe. Kama ni la kuziba, lichomelewe kwa shaba likiwa mbali na tangi, na kama limeliwa sehemu nyingi, weka bomba jipya la kipenyo kile kile na urefu ule ule, likiacha nafasi ndogo chini ili lisinyonye tope. Mchomeleaji yeyote asilete moto karibu na tangi, hata akikuambia kuwa dizeli haiwaki kama petroli. Tangi lililobaki na mvuke limeua watu.

Mwanzisha uzi (Makambako)

Wanajamvi, ninatoa taarifa ya mwisho.

Bomba limetoka jana. Lilikuwa na matundu mawili, moja la ukubwa wa kichwa cha pini na jingine lenye umbo la ufa, yote mawili katika theluthi ya juu, na ukilikuna kwa ukucha kutu inabanduka kama ganda. Sikutaka kuliziba. Nimeweka bomba jipya la shaba kwenye kifuniko kile kile, nimemwaga mafuta yote ya tangi, nikatoa kikombe kizima cha maji na tope la kahawia, nikasuuza kwa dizeli safi mara mbili, nikafunga washa mpya za shaba kila nilipofungua na filta mpya kwa mara ya pili. Gharama zote, pamoja na mchomeleaji, hazikufika shilingi elfu tisini.

Sikulijaza tangi. Nililiacha chini ya nusu kwa makusudi, nikalipeleka Uwemba jioni, nikaliegesha pale pale, pua juu. Leo saa kumi na moja na nusu asubuhi kulikuwa na umande mzito na kioo kilikuwa cheupe. Nilipiga starta, likashika kabla sijahesabu tatu.

Fundi wa Mafinga

Nimefurahi kweli. Ule mpira wa kuonea ndani uondoe usiendelee kusafiri nao; joto la injini huulainisha, na siku mpira huo ukibonyea utarudi kutuuliza kwa nini gari linakosa nguvu kwenye milima.

Mwanzisha uzi (Makambako)

Nimeutoa leo mchana, Fundi, nikafunga mpira wa dizeli wenye nyuzi na vibano viwili vipya. Kuanzia sasa ninajaza tangi jioni kabla ya kulala, hata kama mzigo haujauzwa.